Soni ya Fundi Labda

Nianze kwa kusema ukweli wangu mapema, asije mtu akadai nimeuficha. Mimi soni sina. Siku ilipokuwa ikigawiwa, bila shaka nilikuwa pembeni nagombana na mtu. Ndiyo maana waliniweka mapokezi kwenye zahanati ya meno, na kaunta ile nimeikalia miaka ishirini na miwili. Namuuliza mgonjwa umri wake kwa sauti. Namuuliza ni jino lipi, limeanza lini, na kwa nini hakuja mapema. Watu husema yule dada wa mapokezi ana macho makavu, nami nasikia na naendelea kuandika.

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alichukua fungu lake la soni na langu akabeba. Yeye ni fundi wa meno ya bandia. Anafanya kazi chumba cha nyuma, mwisho wa korido, chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na kwa maoni yake hata huo ukuta unamkodolea macho. Daktari anachukua umbo la fizi za mgonjwa, tunamimina plasta, na kinachofika kwa shemeji ni mdomo mweupe wa plasta usio na mwenyewe. Hapo ndipo raha yake ilipo. Anapanga meno kwenye nta moja baada ya jingine, anayapika, anayasugua kwa msasa mpaka yanang'aa, na mgonjwa anaondoka zake anatafuna bila hata kujua kwamba fundi yupo.

Jina analo, ila halitumiki. Sote tunamwita Fundi Labda. Ukimuuliza saa ngapi, anatazama saa ya mkononi, anaitazama tena, anasema, "Labda saa nne." Saa ni yake, kainunua mwenyewe, na haijawahi kuchelewa. Asubuhi akifika kazini anabisha hodi kwenye mlango wa chumba chake. Ndani hamna mtu, na ufunguo anao mwenyewe. Anabisha, anasubiri kidogo, ndipo anafungua. Siku moja nilijificha mle ndani na ufunguo wa akiba, alipobisha nikaitikia karibu, na tangu hapo anabisha mara mbili.

Kuna kinyozi alimnyoa vibaya akamwachia kijinjia upande wa kushoto wa kichwa. Mtu mwingine angedai, au angehama kinyozi. Shemeji aliona soni kumwambia, akasema asante, akarudi mwezi uliofuata akanyolewa kijinjia kilekile. Miaka mitatu tulimwona na kijinjia chake, mpaka kinyozi akahama mji. Kuna siku nyingine alialikwa harusi ya mfanyakazi mwenzetu, akaingia ukumbi usio wenyewe. Aligundua baada ya dakika tano, lakini kutoka mbele za watu aliona soni. Akakaa. Akasaidia kupanga viti. Walipoita ndugu wa bwana harusi kwa ajili ya picha, mzee mmoja akamshika mkono, naye akaenda. Mpaka leo kuna familia ina picha ukutani, na kwenye picha hiyo kuna mjomba ambaye hakuna anayemjua.

Utauliza mtu kama huyo alioaje. Mdogo wangu alikuja zahanati akiwa na jino la mbele limevunjika. Shemeji alimtengenezea jino moja. Alitengeneza saba, akatupa sita, na la saba lilikaa kama lililoota. Mdogo wangu akataka kumshukuru fundi mwenyewe, akaenda nyuma, akamkuta amejibanza nyuma ya magunia ya plasta. Baada ya miezi mitano ya kwenda kumshukuru kila Ijumaa, mdogo wangu akachoka, akamwambia, "Mimi na wewe tuoane." Akajibu, "Labda ungefikiria kwanza." Hiyo ilikuwa ndiyo.

Watu wasiomjua husema, ana haya yule. Si haya. Mama yetu alikuwa akitusahihisha sana kwenye hilo. Haya, alisema, ni adabu. Unainamisha macho mbele ya mkubwa wako kwa kuwa unamheshimu, halafu unaendelea na chakula chako. Aibu ni tukio: umeteleza, umeanguka, watu wameona, wiki ijayo ataanguka mwingine watakusahau. Soni haina tukio. Hakuna aliyesema neno, hakuna aliyekutazama, na wewe umeshajishtaki, umeshajihukumu, na kifungo umeanza kutumikia. Mtu wa soni jibu analo mdomoni, lakini anangoja mwingine alitamke kwanza, ndipo yeye atikise kichwa. "Anajishuku," Mama alisema. "Mkwe wangu anashuku hata kivuli chake." Mama aliyasema hayo akiwa na meno yake yote.

Kwa Mama, shemeji alikuwa hoi zaidi. Miaka kumi na tisa ya ukwe, hajawahi kumtazama juu ya magoti. Akiingia sebuleni kwake, anakisalimia kiti. Mama alikuwa akisema, "Mungu kanipa mkwe mwema, ila macho yake yana rangi gani sijui." Halafu anacheka, na Mama akicheka alikuwa anacheka mdomo wazi, kichwa nyuma, meno yote nje. Kumbuka hapo. Fundi wa meno, awe na soni kiasi gani, meno yakifunguka mbele yake jicho linakwenda lenyewe. Uso wa Mama hakuujua. Meno yake aliyajua.

Mama anauza vitambaa sokoni. Meza yake iko kwenye kona, kati ya muuza ndoo za plastiki na muuza viatu, na biashara yake yote ilikuwa mdomo. Vitambaa vya Mama ni vilevile vya wenzake, vimetoka kwa muuzaji wa jumla yuleyule. Lakini wenzake walikuwa wanauza kitambaa, Mama alikuwa anauza maneno na kitambaa anakupa juu. "Njoo ushike, njoo uvute, kikichanika ni changu, kikikupendeza ni chako!" Ukipita kwa mara ya tatu bila kununua anakuuliza kama unahesabu matofali ya soko. Watu walikuwa wanakuja kutukanwa na Mama wakiwa na furaha zao.

Kisha fizi zake zikaanza kuugua. Meno yakalegea, yakang'olewa mawili, manne, mwisho yote. Na soni, ile aliyokuwa anaieleza kama mtu anayeeleza ugonjwa wa jirani, ikamwingia mwenyewe. Kwanza alianza kuongea amefunika mdomo kwa pembe ya mtandio. Halafu akawa hali mbele za watu. Halafu akawa haongei kabisa mezani kwake. Alichukua vipande vya maboksi, akaandika bei za vitambaa kwa kalamu nene, akavisimamisha mbele yake. Mteja akiuliza, Mama anaonyesha boksi kwa kidole. Akiomba apunguziwe, Mama anaonyesha tena. Wateja wakasema yule mama siku hizi anaringa, wakahamia kwa wengine.

Mimi nilimwambia basi yaishe, twende zahanati utengenezewe seti nzima, juu na chini, fundi ni mkweo na daktari namfahamu. Alikataa wiki tatu. Hoja yake ilikuwa moja, iliyoandikwa kwenye boksi: MKWE ASINIONE MDOMO. Nikamweleza kwamba mkwe haoni mdomo, anaona plasta. Ndipo akakubali.

Sasa hapa naomba nisimulie polepole, kwa sababu sehemu hii naijua vizuri kuliko ninavyopenda. Umbo la fizi lilichukuliwa salama. Baada ya hapo kuna hatua nyingine: daktari anaweka nta mdomoni, anamwambia mgonjwa aume kawaida, ili fundi ajue taya la chini linakutana wapi na la juu. Ni jambo la nusu dakika. Mama alikuwa kwenye kile kiti kirefu, taa usoni, mdomo wazi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, maana mimi husimama mlangoni. Na nikasema, kwa sauti yangu hii, "Daktari, angalia asikuume kidole, huyo amezoea wateja." Daktari akatabasamu. Mgonjwa aliyekuwa anasubiri nyuma yangu akacheka. Mama akafumba midomo haraka kuficha fizi, taya la chini likasogea mbele, akauma hivyohivyo. Daktari akaitoa nta, akaiweka kwenye trei, ikaenda nyuma.

Kesho yake mchana shemeji alikuja kaunta. Kuja kaunta kwake ni safari; korido ile ina hatua ishirini naye huitembea kama anayekwenda kuomba msamaha. Nilikuwa na watu wanane kwenye benchi na simu sikioni.

"Shemeji," alisema. "Ile nta ya Mama. Labda... nadhani... sijui kama ni mimi."

"Nini?"

"Taya. Labda liko... Hapana. Daktari ndiye anayejua."

"Shemeji, sema au nenda."

Akaenda. Nikarudi kwenye simu yangu, nikasahau kwamba alikuja.

Meno yakatoka mazuri kupita kiasi. Rangi aliipata, ukubwa aliupata, hata kile kijino cha pembeni kilichokuwa kimelala kidogo kwa Mama tangu ujana alikilaza vilevile. Daktari alipomvalisha, yalimbana, akayapiga tupa kidogo huku na huku, akamwambia atayazoea. Mama akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Alishusha mtandio mabegani, na mimi nikageuka nikajifanya natafuta faili kwa sababu macho yalikuwa yananiwasha.

Siku ya tatu nilikwenda sokoni kumwona. Nilifika saa ambayo mabinti wawili walikuwa wamesimama mezani wanapapasa kitambaa cha maua. Mama aliyasukuma maboksi yake pembeni. Akavuta pumzi. "Njoo ushike," akaanza, na sauti ilikuwa ileile, "njoo uvute, kikichanika..." na hapo meno ya juu yakachomoka, yakaruka, yakatua katikati ya kitambaa cha maua, yakabaki hapo yametabasamu peke yao.

Mabinti hawakucheka. Muuza ndoo hakucheka. Nimewahi kutamani kusema kwamba alianza mwingine. Nilianza mimi. Nilicheka nikavunjika mbavu, nikashika meza, na nilipocheka mimi, soko zima likaona ruhusa imetoka. Mama aliyachukua meno, akayafunga kwenye leso yake, akaanza kukunja vitambaa kimoja kimoja, pembe kwa pembe. Alipomaliza akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa soko, akamwandikia kwenye karatasi kwamba meza yake anaiacha, Jumamosi ya wiki ijayo muuza ndoo aichukue. Miaka thelathini na moja ya meza ile, karatasi yenyewe ilikuwa na mistari miwili.

Nyumbani kwake nilibisha, hakufungua. Mdogo wangu alibisha, akafunguliwa, akatoka na habari kwamba Mama anakula uji chumbani, taa imezimwa, na amesema hataki kusikia neno meno.

Jumatatu asubuhi nilimkuta shemeji amesimama mbele ya kaunta kabla sijafungua madaftari. Macho mekundu. Mdogo wangu alikuwa ameniambia kwamba tangu siku ile kijiko chake cha chakula kinaishia njiani.

"Niliona," akasema.

"Uliona nini?"

"Taya la Mama lilikuwa mbele. Kwenye nta. Mama haumi vile. Namjua anavyouma, namwona akicheka. Nilijua meno yatakuwa yanasukumana, ya chini yatayarusha ya juu. Nilijua kabla sijapanga hata moja."

Niliwaka. Kila mtu kwenye korido ile ana ushahidi kwamba niliwaka. Nikamwambia yeye ni mtu mzima ana mke na watoto, amekaa na jambo mdomoni kama mtoto mwenye peremende, mama mzima amechekwa na soko kwa ajili ya soni zake, na kwa nini, kwa nini hakusema.

Alingoja nimalize. Yeye hungoja kila mtu amalize.

"Nilikuja nikasema, shemeji. Ukasema, sema au nenda. Nikaenda."

Nilifungua daftari nikaandika tarehe, na tarehe yenyewe niliikosea.

Aligeuka akaenda kwa daktari. Nilimfuata, maana nilidhani atabisha hodi mpaka saa sita. Alibisha mara mbili, akaingia, akasimama mbele ya meza. Mikono akaificha nyuma.

"Daktari, nta ya mama mkwe wangu ilichukuliwa vibaya. Taya lilikuwa mbele. Mimi niliona nikanyamaza. Naomba tuanze upya."

Daktari alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini. Akaomba aletewe plasta, akaigeuza huku, akaigeuza kule, akavua miwani.

"Kweli," akasema. "Nimeharakisha. Anza upya, basi. Na wewe fundi, miaka yote hii hujawahi kuniambia kosa hata moja. Nilidhani sikosei."

Ikawa imeisha. Kitu ambacho shemeji alikuwa amekiogopa wiki mbili kilichukua muda mfupi kuliko ile chai. Alitoka nje ya mlango akaegemea ukuta, akacheka peke yake bila sauti.

Lakini daktari hakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa Mama, na Jumamosi. Siku hiyo jioni shemeji aliniomba nimsindikize mpaka kwa Mama, na tulipofika akaniomba nibaki getini. Kutoka geti mpaka mlango wa Mama ni hatua nne, kwa hiyo nilibaki getini na nikasikia kila kitu. Hakubisha mlango. Alikaa kwenye ngazi, mgongo kwenye mlango, akaongea na ua.

"Mama. Kosa la meno yale si lako. Kosa ni langu. Niliona yataanguka nikaona soni kusema."

Sauti ya Mama ikatoka, imebonyea kama sauti ya mtu aliye chini ya blanketi. "Soni ya nini?"

"Nilijiambia mimi ni nani nimrekebishe daktari. Halafu nikajiambia, nitamwambiaje mtu kwamba naujua mdomo wa mama mkwe wangu."

"Unaujuaje, na wewe hunitazami?"

"Ukicheka natazama. Samahani, Mama."

Nikasikia kitu nyuma ya mlango, sikujua kama ni kikohozi au kicheko. Kisha Mama akasema, "Na mimi siku ile niliuma vibaya makusudi. Si makusudi ya ubaya. Kulikuwa na watu mlangoni wanacheka, nikaona soni, nikafumba."

Shemeji hakusema ni nani alikuwa mlangoni. Mama naye hakusema. Nilisimama getini nikiwa nimeshika chuma cha geti, na nikaanza kuona kwamba kulikuwa na mtu mmoja tu kwenye hadithi hii ambaye hakuwa na soni, na kila kilichoharibika kilikuwa kimepitia kwake.

"Mimi siwezi kutengeneza kwa plasta tu safari hii," shemeji akasema. "Inabidi nikuone. Uje chumbani kwangu, Mama, uongee, ucheke, mimi nipange nikikutazama."

"Utanitazama wewe?"

"Nitakutazama."

"Hebu," Mama akasema, na kitasa kikalia. "Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimeshazaa, na bado naficha."

Jumatano Mama alikuja amejifunika mpaka puani. Hakupita kwa daktari wala benchi la wagonjwa. Alikwenda moja kwa moja mwisho wa korido, akakalishwa kwenye kigoda cha fundi, kati ya magunia ya plasta na jiko la nta, mahali ambapo hakuna mgonjwa aliyewahi kukaa. Shemeji alikuwa amefagia. Alikuwa pia ameziba lile dirisha kwa gazeti.

Mimi nikasimama mlangoni.

Sikuwa na nia mbaya. Nilimwona Mama amekaa pale kama mtoto mdogo, mikono mapajani, na shemeji ananawa mikono kwa mara ya tatu, na wote wawili wanaangalia sakafu kama wachumba waliokutanishwa na wazazi. Nikafungua mdomo nilainishe hali. Utani ulikuwa tayari ulimini.

"Shemeji," akasema shemeji. Hakuinua sauti. Aligeuka akanitazama usoni, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu anifahamu. "Toka nje. Ufunge mlango."

Nikatoka nikafunga mlango.

Nilisimama koridoni kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kunitoa chumba chochote katika jengo lile. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Nilitaka kuingia tena nimwambie yeye ni nani, na miguu haikutaka. Ikawa nasikia kupitia mlango.

"Mama, fungua mdomo." Nadhani yeye mwenyewe alikuwa anajisikiliza. "Zaidi kidogo. Hapo. Sasa uma taratibu, meza mate, uma tena. Vizuri. Sema sitini na sita."

"Sitini na sita."

"Tena."

"Sitini na sita. Sasa hao sitini na sita ni kina nani?"

"Ni herufi ya S, Mama. Meno yakiwa marefu, inapiga mluzi. Sema, fukuto la fundi."

"Fukuto la fundi ni hiki chumba chako."

Akacheka. Mama yangu alicheka. Kicheko cha fizi tupu na nta, kimetoka na upepo mwingi, nami nimesimama nje nakisikia kwa tundu la kitasa. Na shemeji, haraka kabla kicheko hakijaisha: "Hapo hapo, Mama, usifunge, nimekuona, taya lako linakaa hapo." Nikasikia chuma cha kupangia meno kikigonga plasta, tik, tik, kazi imeanza. Walikaa humo saa mbili. Benchi langu lilijaa, simu ikalia, na nilipomuuliza mgonjwa wa kwanza umri wake nilimuuliza kwa sauti ndogo mpaka akaniuliza kama naumwa.

Meno yalipikwa Alhamisi, yakasuguliwa Ijumaa, na Ijumaa jioni Mama akavalishwa humohumo ndani, mlango umefungwa. Mimi sikuitwa na sikuomba. Mdogo wangu ndiye aliyeniambia kwamba yamekaa. Nilimuuliza kama Mama ataiacha meza. Akasema Mama hakusema, amekwenda kulala.

Jumamosi niliomba ruhusa kazini. Sokoni nilipita njia ya nyuma, kwa wauza mkaa, nikasimama nyuma ya nguzo upande wa viatu. Muuza ndoo alikuwa ameshafika na mkokoteni wake wa ndoo za bluu, tayari kuhamia. Meza ya Mama ilikuwa tupu. Nikasema moyoni, imekwisha, na nilijua aliyeimaliza.

Kisha nikamwona anakuja na mzigo wa vitambaa kichwani. Mtandio ulikuwa mabegani. Akautua mzigo juu ya meza, akaufungua, akatandaza kitambaa cha maua juu kabisa, kilekile. Muuza ndoo akamwambia jambo, sikulisikia. Jibu la Mama nililisikia. Soko zima lililisikia.

"Ndoo zako peleka kwenye maji. Hapa kuna mtu."

Watu wakageuka. Mama akashika kitambaa kwa ncha mbili, akakivuta mpaka kikalia, akainua kichwa. "Njoo ushike, njoo uvute, kikichanika ni changu, kikikupendeza ni chako!" Hakuna kilichochomoka. Yule muuza viatu akapiga makofi, mabinti wakasogea, na mmoja akaomba apunguziwe, akaambiwa akapunguziwe na mama yake.

Nilikuwa nimekuja kumwomba radhi. Maneno nilikuwa nayo, niliyapanga usiku kucha, na mimi si mtu wa kukosa maneno. Sasa hatua kumi na tano zilikuwa mbele yangu, Mama alikuwa anacheka na wateja, na nikaanza kujiuliza: nitaingilia vipi, nitaanza na lipi, watu wa soko wananikumbuka, pengine wanasema yule ndiye aliyecheka, pengine akiniona meno yatamlegea kwa hasira, mimi ni nani sasa hivi niende pale. Hakuna aliyekuwa amesema neno. Hakuna hata aliyekuwa ananitazama. Nikageuka niondoke zangu.

"Wewe!"

Nilijua ni mimi. Mtoto haulizi mama yake anamwita nani.

"Wewe wa nyuma ya nguzo! Nimekuzaa sikukuficha, unajificha nini? Njoo ushike ncha ya huku, nina mteja anataka mita sita."

Nikaenda. Nilipofika nilishindwa kumtazama juu ya mikono. Nikashika ncha ya kitambaa, yeye akashika ya kwake, tukavuta.

"Mama," nikasema.

"Vuta," akasema. "Utaniambia tukimaliza. Siendi popote."